Mlio wa Baba Kidoti

Mikono miwili iliishika pampu moja ya maji kwa mpigo mmoja, na hakuna uliokubali kuachia.

Ulikuwa ule wakati wa asubuhi ambapo soko la vipuri huwa limepamba moto. Wagonga bati upande huu, wauza matairi upande ule, wachukuzi wanapita na giaboksi mabegani wakifoka watu wawapishe, na juu ya yote harufu ya mpira, grisi na vumbi lililopigwa na jua. Mkono mmoja ulikuwa mweusi kwa grisi mpaka kwenye kiwiko. Wa pili ulikuwa wa mwanamke, msafi, ila ncha za vidole zilijaa vialama vya sindano.

"Dada, samahani. Hii niliiona mimi kwanza."

"Uliiona. Mimi nimeishika."

"Hata mimi nimeishika."

"Basi tuikate katikati, kila mtu aende na chake."

Muuzaji aliangua kicheko. Mwanaume yule naye akacheka, lakini hakuachia. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, ovaroli yake ya kijani imefuliwa mpaka imekuwa na rangi ya majani makavu. Mwanamke alivaa gauni la bluu lenye maua meupe, kitambaa cha kichwani kimefungwa vizuri mno kwa mtu aliyekuja kubishania chuma.

"Pampu hii ni ya dizeli za zamani," mwanaume alisema. "Wenye magari hayo tunajuana kwa sura. Wewe sikujui."

"Na mimi sikujui, tumelipana. Gari langu linavuja maji."

"Tatizo lingine?"

"Lina mlio."

"Mlio gani?"

Mwanamke aliugonga juu ya meza ya duka kwa vifundo vya vidole. *Ko-ko, ko. Ko-ko, ko.* Aliugonga bila kufikiri, kama mtu anavyomgongea mtoto mgongo ili alale.

"Naujua ugonjwa huo," alisema mwanaume.

"Si ugonjwa. Ndivyo linavyoongea."

Mwanaume alidhani ni mzaha, akacheka tena. Angekuwa makini, angejiuliza ni mteja gani anayeujua ugonjwa wa gari lake kwa mapenzi kiasi kile. Lakini alikuwa anatazama vile vidole.

"Chukua," alisema, akaiachia pampu. "Kwa sharti moja. Nikufungie mimi. Nikimwachia mtu mwingine aiharibu, nitakosa usingizi."

Ndivyo Mama Kidoti alivyokutana na fundi ambaye wateja wote walimwita Taratibu, kwa kuwa ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, hilo ndilo jibu pekee alilonalo.

*

Nyumbani kwa Mama Kidoti gari lilikaa uani chini ya turubai aliloshona mwenyewe, maana kushona mahema na maturubai ndiyo kazi yake. Mumewe alilinunua likiwa limechoka, dizeli ya zamani yenye pembe nne kama sanduku, magurudumu yote manne yanavuta. Alikuwa dereva wa watalii. Alisema magari mapya anayopewa kazini yana kompyuta nyingi kuliko akili, na kwamba siku moja atalitengeneza hili limpeleke yeye, mkewe, mtoto na mama yake mpaka ng'ambo ya mto mkubwa, kwenye vilima anavyopeleka wageni kila msimu na ambavyo watu wake hawajawahi kuviona.

Gari la kazini lilizimika katikati ya mto huohuo. Maji yalipanda. Wageni walitoka kwa sababu aliwatoa. Yeye hakutoka.

Tangu hapo, kila Jumamosi mchana, Mama Kidoti aliondoa turubai, akaketi kwenye kiti cha dereva, akawasha. *Ko-ko, ko.* Ule ndio mlio uliokuwa ukikata kona ya mtaa jioni. Enzi zile, ukisikika tu, chai iliwekwa jikoni na Kidoti, akiwa bado anatambaa, aligeuza njia kuelekea mlangoni. Na hata sasa, kila Jumamosi, injini ikinguruma uani, mama mkwe alitoka chumbani, akachukua kikombe kikubwa cha bati, kile cha mwanawe, akakiweka mezani. Kilikaa mpaka injini izimwe, kisha akakirudisha kabatini kikavu kama kilivyotoka.

Hakuna aliyekizungumzia. Mama Kidoti alijisemea moyoni: nikiacha kuwasha, bibi wa watu atakufa. Basi aliwasha.

*

"Unataka nini hasa?" Taratibu aliuliza siku alipolipokea gari gereji.

"Nataka litufikishe vilimani na kuturudisha. Likizo ya shule. Lisizimike, fundi. Kokote litakapoingia, lisizimike."

"Na taa za kupamba mbele? Vyuma vya kung'aa?"

"Navaa hereni mimi, gari la nini?"

"Nimekupenda bure," alisema, kisha akageuka haraka kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Kitu kimoja," Mama Kidoti aliongeza. "Litengeneze, lakini lisibadilike."

Taratibu alitazama rangi ya zamani iliyopauka, mkwaruzo wa mlangoni, kibandiko kilichochanika kiooni. "Sitaligusa sura," aliahidi. Kila mmoja aliondoka akiamini ameelewana na mwenzake.

Kazi ikaanza. Alibadilisha mipira yote ya maji, hata ile iliyoonekana mizima, akisema mpira hukuchekea mjini ukakupasukia porini. Alitoa springi zilizolala akaweka za kubeba mzigo. Alivuta nyaya upya, moja moja, akizipitisha mbali na joto. Alifunga tangi la pili la dizeli, na bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo mpaka juu ya paa, ili injini ipumue hata maji yakifika kwenye boneti. Bomba hilo alilifunga Mama Kidoti akiwepo, na aliona jinsi mwanamke alivyoligusa, akapeleka kiganja kutoka chini hadi juu.

Mama Kidoti naye hakukaa bure. Alishona hema la kufungwa juu ya keria, na kila mara ikampasa aje kupima. Vipimo vilikuwa vingi kuliko hema.

"Ulipima jana," Taratibu alimtania.

"Paa limerefuka."

"Au mshonaji amenimiss?"

"Shuka kwenye hilo kreti kwanza ndipo uongee na mimi, nikuone urefu wako halisi."

"Ufupi wangu ni wa makusudi. Naingia chini ya gari bila jeki."

Jioni simu zikaanza. Mara ya kwanza aliuliza rangi ya uzi. Mara ya pili hakuuliza kitu.

"Umekula, Mama Kidoti?"

"Fundi gani anauliza wateja wake kama wamekula?"

"Anayejali gari lake lisije likaendeshwa na mtu mwenye njaa."

"Nimekula, laazizi wa magari."

"Wa magari tu?"

Alikata simu huku anatabasamu, kisha akageuka na kumkuta mama mkwe mlangoni na sufuria mkononi. Aibu ilimwosha mwili mzima. Kikongwe alimtazama, akapita, akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

*

Siku ya kulileta gari, Taratibu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama kisu. Mama Kidoti alisimama dirishani tangu saa ya chakula. Kidoti alikaa sakafuni akichora. Bibi yake alikuwa anachambua mchele.

Gari lilifika. Liliingia uani, likasimama, na lilikuwa linawaka, lakini hakuna mwingine aliyeinua kichwa. Liliunguruma laini, sawasawa, kama paka aliyeshiba. Kidoti aliendelea kuchora. Bibi hakuacha mchele.

"Nani huyo aliyeegesha kwetu?" bibi aliuliza bila kutazama.

Mama Kidoti alitoka nje kama anayetembea ndani ya maji. Taratibu alishuka akiwa na uso wa mtu anayekabidhi zawadi.

"Sikiliza," alisema. "Hata sarafu ukiiweka juu ya boneti haitikisiki. Nilitoa zile nozeli, moja ilikuwa imekufa kabisa, inamwaga dizeli badala ya kuipuliza. Ndiyo iliyokuwa inagonga. Sasa..."

"Umeuondoa."

"Nimeuponya."

"Nilikwambia lisibadilike!"

"Nilidhani rangi..."

"Rangi ya nini? Mimi naishi na rangi?" Sauti ilimpasuka. "Ile ilikuwa sauti yake. Ndiyo iliyobaki. Mto ulimchukua, na wewe umekuja na spana zako ukamalizia."

Taratibu alibaki na funguo kiganjani. Akaweka funguo juu ya boneti na kuondoka kwa miguu, shati lake jeupe likizidi kuwa dogo mtaani.

Jumamosi iliyofuata Mama Kidoti aliwasha. Kikombe hakikutoka kabatini. Aliketi kwenye kiti cha dereva akasikiliza, na alichosikia ni injini nzuri tu. Ulikuwa ukimya wa mtu aliyetoka chumbani bila kuaga.

Simu yake iliita mara nyingi siku hizo. Hakupokea. Mwishowe alipiga yeye.

"Irudishe."

"Nini, kipenzi?"

"Usiniite hivyo. Ile nozeli. Unayo?"

"Ninayo. Nisikilize. Ile itatoboa pistoni. Si leo, si kesho, ila injini itafia mahali. Unataka kuingia mtoni nayo? Na mtoto nyuma? Mtu wenu mmoja ameshakufa kwa gari lililozimika."

"Usimtaje."

"Kila mtu gerejini kwangu anamtaja. Hata mimi." Alivuta pumzi. "Ile siku ya kwanza nilisogeza kiti cha dereva mbele, si unaona miguu yangu. Kesho yake nikakuta kimerudi nyuma, kama kwa mtu mrefu. Nikasema meno ya reli yamelika, nikayabadilisha. Kesho yake kimerudi tena. Nimekisogeza kila asubuhi, na kila asubuhi nilisema, samahani kaka. Sikukwambia kwa kuwa nilidhani utacheka."

Mama Kidoti hakucheka. Alishika simu kwa mikono miwili.

"Irudishe, Taratibu. Si kwa ajili yangu. Mama yake hatoi tena kikombe. Anaisha mbele ya macho yangu."

Taratibu aliweka spana chini.

"Nitairudisha," alisema. "Lakini ni ya kuzungukia mtaani tu. Na Mungu anisamehe."

*

Taratibu alikuja mchana wa Jumapili, akafunga kile chuma kibovu kwa mikono iliyojua inafanya kosa. Kisha alilitoa gari, akazunguka mtaa mara moja, akakata kona.

*Ko-ko, ko. Ko-ko, ko.*

Kidoti aliacha kalamu na kukimbia mlangoni, akasimama hapo, asijue alichokimbilia. Mama Kidoti aliweka mkono mdomoni. Mama mkwe alitoka chumbani. Safari hii hakwenda kabatini. Alipita mezani, akapita mlango, akafika uani gari lilipokuwa linasimama, na kumwona mwanaume mfupi akishuka mahali ambapo alizoea kushuka mwanaume mrefu. Taratibu aligandia mlangoni mwa gari. Alijihisi mwizi aliyekutwa amevaa nguo za mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakutuma uturudishie hizi kelele?"

Taratibu aligeuza macho kwa Mama Kidoti.

"Nauliza! Nyumba ilianza kutulia. Nani kakutuma?"

"Mimi, mama," alisema Mama Kidoti. "Niliona hutoi tena kikombe. Nikaogopa."

Mama mkwe aligeuka. Alimtazama mkwe wake kwa mshangao ambao polepole ulikuwa unageuka kuwa kitu kingine.

"Kikombe? Mwanangu, kikombe nilikuwa nakitoa kwa ajili yako."

"Kwangu?"

"Siku ile ya kwanza uliwasha ukakaa humo unalia. Nikajisemea, akiingia akakuta hakuna hata kikombe, atadhani mimi nimemsahau mume wake. Nikawa nakitoa. Kila Jumamosi moyo wangu unachanwa, lakini nitafanyaje? Mwenzangu ndivyo anavyopata nafuu."

"Lakini mama, mimi nilikuwa nawasha kwa ajili yako! Mimi natamani Jumamosi isifike. Nilidhani nikiacha utakufa."

Wanawake wawili walitazamana juu ya injini inayogonga. Walikuwa wamemlisha mzimu mmoja kutoka pande mbili, kila mmoja akidhani ni mgeni wa mwenzake. Kikongwe ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikavu, kibaya, na kabla hakijaisha kilikuwa kimeshakuwa kilio, na Mama Kidoti alikuwa amemkumbatia, vitambaa vyao vya kichwa vimeshikana.

"Zima hilo dude," mama mkwe alisema begani mwake. "Fundi! Zima, mwanangu. Tumechoka."

Taratibu alizima. Akavua shati lake safi na kulitundika kwenye kioo cha pembeni, akachukua spana.

"Niachie," alisema Mama Kidoti.

"Ni ngumu."

"Nimesema niachie."

Taratibu alimwonyesha nati ya kwanza, kisha akaondoa mkono. Nati ilikataa. Mama Kidoti akavuta kwa mwili mzima, gauni limelowa grisi kifuani, mpaka ikalegea kwa mlio mfupi kama mfupa unaorudi mahali pake. Akaendelea. Taratibu alisimama kando yake na kitambaa, bila kugusa, ingawa vidole vilimwasha. Kile chuma kilipotoka kilikuwa kidogo, cheusi, kinatoshea katika ngumi ya mtoto. Mama Kidoti alikiangalia kidogo tu, akamkabidhi mama mkwe. Mama mkwe alikishika kifuani, akaingia nacho ndani, akafunga mlango wa chumba chake.

Walibaki wawili uani, na Taratibu akafunga nozeli nzima mahali pake.

"Nilikutukana," alisema Mama Kidoti.

"Ulimtetea mtu wako. Ningekuwa mimi mtoni, ningependa nitetewe hivyo."

"Usiseme mtoni."

"Haya. Gerejini."

Alimpangusa grisi shavuni kwa pembe safi ya kitambaa. Hakumzuia.

*

Kabla ya likizo walilitoa kwa majaribio, wao wawili, asubuhi, nje ya mji ambako lami huishia ghafla. Mama Kidoti aliendesha. Taratibu alikaa pembeni, mikono magotini, akijizuia kuongea. Walipunguza upepo wa matairi, wakavuka mchanga wa korongo kavu bila kukwama, wakapanda ukingo mawe yakibingirika nyuma. Kijito kilichofuata kilikuwa na maji. Si mengi, ya magotini. Akasimamisha gari ukingoni.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yanapita kama hayana habari na mtu.

"Niendeshe mimi?" Taratibu aliuliza kwa upole.

"Hapana."

"Gia ya chini. Usikanyage sana, usiachie. Taratibu."

"Jina lako halinisaidii sasa hivi."

Akaingia. Maji yaligonga sakafu, yakapanda mlangoni, na kwa muda aliokuwa katikati hakuwa peke yake na fundi. Alijua. Alihisi uzito wa mtu wa tatu kwenye kiti cha nyuma, mtulivu, aliyeinama mbele kidogo kama dereva anayemfundisha dereva. Hakugeuka. Injini haikugonga, haikukohoa. Magurudumu ya mbele yalishika mawe, gari likainua pua, likatoka upande wa pili likichuruzika. Alipotazama nyuma kilikuwa kiti kitupu, na hema lililokunjwa, na mto mdogo unaoendelea na safari yake.

Alizima injini akalia kidogo. Taratibu alingoja.

"Sijui kuongea vizuri," alisema baadaye. "Ninachojua ni kutengeneza kitu kisizimike. Nikiomba nikutunze wewe na Kidoti na mama, mpaka mvi zitutoke wote, nitakuwa nimekosea?"

"Mimi nimeshakujibu moyoni siku nyingi. Lakini yuko wa kuulizwa. Mpigie."

"Mama yake? Sasa hivi? Mimi?"

"Mtu mzima anaogopa kikongwe?"

Alipiga. Aliweka sauti ya juu, jasho likimtoka kuliko siku yoyote chini ya gari. Akaeleza, akajikwaa, akaanza upya. Upande wa pili, kwa mbali, Kidoti alikuwa akiimba.

"Nilizaa mmoja tu," mama mkwe alisema hatimaye. "Unajua hilo?"

"Najua, mama."

"Kwa hiyo katika harusi hiyo mimi ni mama wa nani? Wa bibi harusi au wa bwana harusi?"

"Ukikubali, wa wote wawili."

"Mimi sina ubishi na ndoa. Huyo binti amekaa kivulini vya kutosha. Ila nisikilize, wewe mfupi. Mimi nilikaa dirishani siku mbili nikingoja mtu, mpaka wakaja watu wengine. Sitaki tena dirisha. Ukichelewa kidogo, piga. Ukipata pancha, piga. Hata kama hamna la kusema, piga niisikie sauti ya mtu aliye hai. Utaweza?"

Taratibu alimtazama Mama Kidoti. Alikuwa ameuficha uso kwa mikono yote miwili.

"Nitaweza, mama."

"Haya. Rudini mle."

Taratibu alimpigia mara mbili kabla hawajafika kwenye lami.